CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE: NYOTA YA DHAHABU YA MASHUJAA WA KISOVIETI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Walinena kweli. Lakini je, ni nani anayeamua kwamba chanda hiki ni chema na kile si chema? Na pete ikivikwa chanda kisichostahili, je, thamani yake inabaki ile ile? Maswali haya si mafumbo ya kupotezea wakati. Palikuwa na dola kubwa duniani ambayo kwa muda wa miaka 57 ilijaribu kuyajibu kwa amri ya serikali, kwa muhuri na kwa kipande cha dhahabu. Dola hiyo ni Muungano wa Kisovieti, na pete yenyewe ni cheo kilichoitwa Shujaa wa Muungano wa Kisovieti.

Kwa Kirusi cheo hiki kiliitwa Geroi Sovetskogo Soyuza. Sisi tunalitafsiri neno "geroi" kuwa shujaa. Sasa, mtu anaweza kuwa jasiri peke yake gizani, pasipo na wa kumwona. Walakini ili aitwe shujaa ni sharti pawe na wa kumwita hivyo. Hebu weka jambo hili akilini, msomaji, kwa sababu ndilo kiini cha makala haya.

CHANZO CHAKE

Muungano wa Kisovieti uliundwa mwaka wa 1922, miaka 5 baada ya Wabolsheviki kutwaa mamlaka huko Urusi. Ulikuwa muungano wa jamhuri za kisoshalisti, ambazo mwishowe zilifika 15: Urusi, Ukraine, Kazakhstan na nyinginezo. Mojawapo ya mambo ya kwanza waliyoyafanya Wabolsheviki mwaka wa 1917 ni kufuta vyeo vyote vya ukabaila na nishani za mfalme wao, Tsar. Walisema binadamu wote ni sawa, ya nini kuitana Mtukufu fulani na Bwana Mkubwa fulani? Hata hivyo, haikuchukua muda kabla ya kugundua kwamba mwanadamu hapendi kutoa jasho lake bure bila ya kushukuriwa. Nishani zikarudi, moja baada ya nyingine. Kilichokosekana kilikuwa kile cheo cha juu kabisa.

Kilichokileta cheo hicho si vita, bali ni barafu. Mwezi wa Agosti 1933 meli iitwayo Chelyuskin iling'oa nanga katika bandari ya Murmansk, kaskazini mwa Urusi. Ilikuwa inaelekea Vladivostok, mashariki kabisa mwa nchi hiyo, kwa kuipita Bahari ya Aktiki. Kiongozi wa safari alikuwa Profesa Otto Schmidt. Nia yao ilikuwa kuthibitisha kwamba hata meli ya kawaida ya mizigo inaweza kuimaliza njia hiyo katika msimu mmoja. Jamani, bahari haina mzaha! Karibu na mwisho wa safari, barafu iliikamata meli hiyo na kuiburura huku na huko kwa miezi. Tarehe 13 Februari 1934 barafu iliuvunja ubavu wa meli, ikazama. Mtu mmoja alikufa. Waliosalia, 104 kwa jumla, wakiwemo wanawake 10 na watoto wachanga 2, walijikuta wamesimama juu ya barafu inayoelea, katikati ya bahari, katika baridi kali isiyo na mfano.

Walipiga kambi hapo hapo. Kila mara walisafisha uwanja wa barafu ili ndege iweze kutua, na kila mara barafu ilipasuka na kuuharibu uwanja wao. Wakaanza tena, na tena. Rubani wa kwanza kuwafikia alikuwa Anatoly Lyapidevsky. Baada ya kujaribu mara nyingi na kushindwa, alitua tarehe 5 Machi, akawachukua wanawake wote na wale watoto wawili. Wengine wakakaa wakingoja zaidi ya mwezi mzima. Mwezi wa Aprili ndege nyingine zilifika. Rubani Vasily Molokov pekee aliwaokoa watu 39. Ndege yake ilikuwa na nafasi ya watu wachache mno, kwa hivyo aliwalaza wengine ndani ya visanduku vya mizigo vilivyofungwa chini ya mabawa! Hebu jitie mahali pa abiria huyo, umelazwa kwenye kisanduku chembamba kama mzigo, upepo wa barafu unavuma, na chini yako hakuna ila bahari. Tarehe 13 Aprili mtu wa mwisho aliondolewa barafuni salama salimini.

Siku 3 baadaye, tarehe 16 Aprili 1934, serikali ilitangaza kuanzishwa kwa cheo kipya cha juu kuliko vyote. Tarehe 20 mwezi huo huo marubani 7 walikuwa wa kwanza kukipokea: Lyapidevsky, Molokov, Levanevsky, Kamanin, Slepnyov, Vodopyanov na Doronin.

Hapa pana jambo dogo ambalo watu wengi hulipita bila kulitambua. Mmoja wa hao saba, Sigizmund Levanevsky, hakumtoa mtu hata mmoja barafuni. Ndege yake ilianguka akiwa njiani kuelekea uokoaji. Je, alistahili? Wapo watakaosema la, kwa maana kazi haikufanyika. Wapo watakaosema naam, kwa maana aliyahatarisha maisha yake sawa na wenzake. Kumbe tangu siku ya kwanza kabisa, swali la nani anastahili pete lilikuwa limeshabisha hodi.

NYOTA YENYEWE

Mwanzoni shujaa alipewa cheti tu. Kuanzia 1936 aliongezewa Nishani ya Lenin, ambayo ilikuwa nishani kuu ya nchi. Lakini Nishani ya Lenin ilipewa pia watu wengine wengi, wakulima hodari, wahandisi na wakuu wa viwanda. Ukikutana na mtu barabarani aliyevaa nishani hiyo, ungejuaje kwamba huyu ni shujaa na yule ni meneja? Ndiyo sababu mwaka wa 1939 ikabuniwa Nyota ya Dhahabu, nyota ndogo yenye pembe 5, iliyoning'inia kwenye utepe mwekundu. Ilikuwa ya dhahabu kweli, uzito wake ukiwa karibu gramu 21. Ilivaliwa kifuani upande wa kushoto, juu ya nishani nyingine zote.

Aliyeipata mara mbili alichongewa sanamu ya shaba ya kichwa na mabega, nayo ikasimamishwa mahali alipozaliwa. Mashujaa walipata pia malipo ya uzeeni yaliyo bora kuliko ya wengine, nafuu ya nyumba na kusafiri bure katika magari ya mjini. Aidha, cheo kilikuwa na ndugu zake. Mwaka wa 1938 kilianzishwa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kisoshalisti, kwa wale waliotia fora viwandani, mashambani na katika sayansi. Mwaka wa 1944 akaja Mama Shujaa, cheo cha mwanamke aliyezaa na kulea watoto 10 au zaidi. Hata miji ilipewa cheo cha Mji Shujaa, kwa mfano Leningrad na Stalingrad, kwa jinsi ilivyostahimili mashambulizi vitani.

VITA VIKUU

Kufikia Juni 1941, wakati Ujerumani ya Hitler ilipouvamia Muungano wa Kisovieti, waliokuwa na cheo hiki walikuwa 626 tu. Kufikia mwisho wa historia yake, walikuwa zaidi ya 12,700, na katika hao zaidi ya 11,600 walikipata kwa sababu ya vita hivyo. Nambari hizi zatufunza kitu. Vita hivyo viliwaua watu wa Kisovieti kama milioni 27. Kwa hivyo kila nyota ilikuwa kama tone moja tu katika bahari ya damu.

Wengi walipewa kwa mafungu. Katika majira ya pukutizi ya mwaka wa 1943 jeshi lilitakiwa kuuvuka mto Dnieper huko Ukraine, mto mpana sana, huku Wajerumani wakiwa ng'ambo na mizinga yao. Amri ilitoka juu kwamba watakaoongoza kuvuka mto watapendekezwa kwa Nyota ya Dhahabu. Askari hawakungoja madaraja. Walivuka kwa mashua za wavuvi, kwa magogo, kwa milango ya nyumba, kwa mapipa matupu. Zaidi ya watu 2,400 walipata cheo hicho kwa kuuvuka mto huo mmoja, na wengi wao hawakuishi kuivaa nyota yenyewe. Ilipelekwa kwa mama zao.

Na wanawake je? Wanawake wapatao 800,000 walitumika katika jeshi la Kisovieti wakati wa vita. Waliopata kuwa Mashujaa tangu mwanzo wa cheo hadi mwisho wake ni 95 peke yao. Watatu wa kwanza walikuwa wamekwisha kukipata kabla ya vita, mwaka wa 1938: Valentina Grizodubova, Polina Osipenko na Marina Raskova. Hawa waliruka kwa ndege kutoka Moscow hadi Mashariki ya Mbali, mwendo wa karibu kilomita 6,000, bila kutua. Mafuta yalipokaribia kwisha, Raskova aliamriwa aruke kwa mwavuli, kwani kiti chake kilikuwa puani mwa ndege na ndege ingetua kwa kishindo. Alitangatanga msituni peke yake kwa siku 10 kabla ya kuifikia ndege na wenzake. Si mchezo!

Ni Raskova huyo huyo ambaye mwaka wa 1941 aliruhusiwa kuunda vikosi vya wanawake marubani. Kimoja chao kilikuwa na vijindege vya mbao na turubali, ambavyo kabla ya vita vilitumiwa kufundishia wanafunzi. Wasichana hao walishambulia usiku, wakizima injini na kunyemelea kimya kimya hadi juu ya kambi ya adui. Wajerumani waliwaita wachawi wa usiku. Zaidi ya 20 kati yao walivikwa Nyota ya Dhahabu. Raskova mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Januari 1943.

ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO

Hadi hapa utadhani, msomaji, kwamba kila aliyetenda ushujaa alipata haki yake. Hasha! Methali yetu yasema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii iliwatimilikia wengi.

Mwaka wa 1941 Stalin alitoa amri iliyowahesabu askari waliojisalimisha kwa adui kuwa wasaliti. Kwa hivyo mtu aliyetekwa, hata kama alitekwa akiwa amezimia na damu inamtoka, alirudi kwao akiwa na doa. Na mtu aliyepotea bila maiti yake kuonekana naye alishukiwa. Ati huenda yuko kwa Wajerumani.

Chukua mfano wa Lydia Litvyak. Alikuwa rubani wa ndege ya kivita, akapigana Stalingrad, akawa mwanamke wa kwanza kuangusha ndege za adui angani akiwa peke yake katika ndege yake. Tarehe 1 Agosti 1943 aliruka kwenda vitani na hakurudi. Alikuwa amebakisha siku chache atimize miaka 22. Maiti hakuna, mabaki ya ndege hakuna. Kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba amekufa, nyota haikutolewa. Rafiki zake na watu wengine wa kujitolea walitafuta kwa miaka na miaka. Ilikuwa hadi Mei 1990 ndipo Gorbachev alipotia sahihi amri ya kumpa cheo cha Shujaa. Miaka karibu 47 ilikuwa imepita. Kama angalikuwa hai, angalikuwa bibi kizee wa miaka 68.

Au mchukue Mikhail Devyatayev. Huyu alikuwa rubani aliyetekwa na Wajerumani na kupelekwa katika kisiwa walikokuwa wakiunda makombora yao ya siri. Tarehe 8 Februari 1945 yeye na wafungwa wenzake 9 waliiba ndege ya Wajerumani yenyewe, tena mchana kweupe, wakaruka nayo hadi upande wa jeshi lao. Ungetarajia wapokewe kwa vigelegele. Badala yake walihojiwa na kushukiwa, maana ilikuwaje mateka waruke na ndege kubwa kiasi hicho? Baada ya vita Devyatayev alitaabika kupata hata kazi. Alipewa Nyota ya Dhahabu mwezi wa Agosti 1957, Stalin akiwa ameshakufa.

Waama, ushujaa wa watu hawa ulikuwa ule ule siku walipoutenda na siku walipotuzwa. Kilichobadilika ni jicho la serikali.

MASHUJAA WA GAZETI

Sasa tugeuze sarafu upande wa pili. Wapo walioachwa, na wapo waliobuniwa.

Mwezi wa Novemba 1941 Wajerumani walikuwa wamekaribia sana Moscow. Miongoni mwa walioulinda mji huo ni divisheni ya Jenerali Ivan Panfilov, iliyokuwa na wanajeshi wengi kutoka Kazakhstan na Kyrgyzstan. Jenerali mwenyewe aliuawa tarehe 18 Novemba. Siku chache baadaye gazeti la jeshi, Krasnaya Zvezda, yaani Nyota Nyekundu, lilichapisha habari ya kusisimua. Lilisema kwamba katika kituo cha Dubosekovo tarehe 16 Novemba askari 28 wa divisheni hiyo walipambana na vifaru vingi vya Wajerumani, wakaharibu 18, wakafa wote hadi wa mwisho bila kurudi nyuma hatua moja. Mwezi wa Julai 1942 wote 28 walipewa cheo cha Shujaa, kama watu waliokufa. Watoto wa shule nchi nzima walikaririshwa habari zao. Baadaye Dubosekovo pakajengwa sanamu 6 kubwa mno za askari.

Shida ilianza wafu walipofufuka. Mwaka wa 1947 mtu aliyeitwa Ivan Dobrobabin alikamatwa kwa kosa la kuwatumikia Wajerumani kama polisi katika sehemu waliyoiteka. Alipopekuliwa alikutwa na kijitabu cha kuwasifu wale Mashujaa 28. Jina lake mwenyewe lilikuwamo! Mwendesha mashtaka mkuu wa jeshi akaanza uchunguzi. Ilionekana kwamba si Dobrobabin tu, bali wengine kadhaa katika wale 28 walikuwa hai. Mwandishi wa gazeti akakiri kwamba mengi aliyatunga mwenyewe kule Moscow. Majina 28 yalikuwa yametolewa na afisa mmoja kwa kukumbuka kichwani, baada ya gazeti kutaka orodha. Naye mkuu wa kikosi chao alieleza kwamba hapakuwa na mapigano ya watu 28 na vifaru siku hiyo. Ila kampani nzima ilipigana, na katika kampani hiyo walikufa zaidi ya watu 100.

Hebu tulia kidogo juu ya nambari hiyo, msomaji. Zaidi ya mia moja walikufa kweli. Walikufa kwa ajili ya mji wao, katika theluji, na vita vyao havikuwa vya kubuni. Lakini nyota zilikwenda kwa orodha ya 28 iliyotungwa ili ilingane na habari ya gazeti. Uongo ule haukuwaongezea wafu heshima, bali uliwapokonya majina yao.

Ripoti ya uchunguzi ilikamilika mwaka wa 1948, ikafungiwa kabatini. Dobrobabin alivuliwa cheo chake, lakini hadithi ikaendelea kufundishwa kama kawaida. Mwaka wa 2015 Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Urusi iliichapisha ripoti hiyo hadharani, na ubishi mkali ukazuka. Kuna waliofurahi kuujua ukweli, na kuna waliokasirika wakisema kwamba hadithi takatifu haiguswi.

MGEMA AKISIFIWA

Kuna ugonjwa mwingine ulioipata nyota hii, nao ni ugonjwa wa wakubwa kujivika wenyewe. Mwanzoni haukuwa mkali. Stalin alipewa cheo cha Shujaa mwaka wa 1945 baada ya ushindi, lakini inajulikana kwamba nyota ile hakuivaa. Marshali Georgy Zhukov, aliyeongoza majeshi hadi Berlin, alipewa mara 4, na ni wachache waliolalamika. Marubani Pokryshkin na Kozhedub walipata mara 3 kila mmoja kwa kuangusha ndege nyingi za adui.

Kisha akaja Leonid Brezhnev, aliyeitawala nchi kutoka 1964 hadi alipofariki mwaka wa 1982. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Brezhnev alikuwa amepigana vitani, ni kweli, lakini si kwa namna ya kumpatia Nyota ya Dhahabu wakati huo. Alipofikisha miaka 60 alipewa nyota. Alipofikisha miaka 70 akapewa nyingine. Alipofikisha miaka 72, nyingine tena. Alipofikisha miaka 75, ya nne. Akawa sawa na Zhukov! Watu wakawa wananong'onezana mizaha majumbani, ati Brezhnev amefanyiwa operesheni ya kupanua kifua ili nishani zipate pa kukaa.

Nyota ilitumika pia kununulia urafiki. Wageni kadhaa walipewa, na baadhi yao walistahili bila shaka, kama wale marubani 4 wa Ufaransa waliopigana bega kwa bega na Warusi. Lakini Fidel Castro wa Kuba alipewa mwaka wa 1963, na mwaka uliofuata wakapewa Ahmed Ben Bella wa Algeria na Gamal Abdel Nasser wa Misri, wakati Wasovieti walipokuwa wakisaidia kujenga Bwawa la Aswan. Hao walikuwa viongozi wakubwa katika nchi zao, lakini mjane wa askari aliyefia mtoni Dnieper aliweza kuuliza kwa haki: walifanya ushujaa gani kwa ajili ya nchi yangu? La kutisha zaidi ni Ramón Mercader, Mhispania aliyemuua Leon Trotsky kwa sururu huko Mexico mwaka wa 1940. Alifungwa miaka 20. Alipotoka mwaka wa 1960 alipewa Nyota ile ile waliyopewa waokoaji wa Chelyuskin.

ILIVYONG'AA TENA

Lakini tusiwe wachoyo wa sifa. Hata katika miaka hiyo nyota iliwahi kung'aa kwa nuru yake halisi. Yuri Gagarin aliivaa siku 2 baada ya kuizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961 kwa dakika 108, mwanadamu wa kwanza kufika anga za juu. Valentina Tereshkova, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, aliivaa mwaka wa 1963 akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

Na usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl huko Ukraine ulipolipuka, wazimamoto walipanda juu ya paa lililowaka wakiwa na nguo za kawaida za kuzimia moto. Maafisa vijana Volodymyr Pravik na Viktor Kibenok waliwaongoza. Kila mmoja alikuwa na umri wa miaka 23. Wote wawili walikufa kwa mnururisho tarehe 11 Mei, wakapewa cheo cha Shujaa baada ya kufa kwao. Mkuu wao, Leonid Telyatnikov, alipewa akiwa hai. Wazimamoto wengine 4 waliokufa pamoja nao hawakupata Nyota ya Dhahabu, walipewa nishani ya chini yake. Serikali ya Ukraine huru iliwapa cheo cha Shujaa wa Ukraine mwaka wa 2006, baada ya miaka 20. Moto, paa na kifo vilikuwa vile vile. Kipimo ndicho kilichotofautiana.

NYOTA YA MWISHO

Amri ya mwisho ya kumtunuku mtu cheo hiki ilitolewa tarehe 24 Desemba 1991. Aliyetunukiwa ni afisa wa wanamaji, Leonid Solodkov, kwa kushiriki majaribio ya hatari ya kupiga mbizi katika kina kikubwa cha maji. Siku iliyofuata bendera nyekundu iliteremshwa katika ngome ya Kremlin. Muungano wa Kisovieti ukawa haupo.

Solodkov alikabidhiwa nyota yake mwezi wa Januari 1992. Desturi ilimtaka mpokeaji ajibu kwa sauti, "Ninautumikia Muungano wa Kisovieti!" Lakini angeutumikia vipi muungano usiokuwapo? Yasemekana alisema neno moja tu, "Asante." Kuna wakati ambapo neno moja huwa kubwa kuliko hotuba.

Huko juu angani, mwanaanga Sergei Krikalev, ambaye tayari alikuwa Shujaa wa Muungano wa Kisovieti, alikuwa ameondoka duniani Mei 1991 akiwa raia wa nchi moja, akarudi Machi 1992 na kukuta nchi hiyo imevunjika. Mwezi uliofuata alipewa cheo kipya kilichoanzishwa na Urusi, Shujaa wa Shirikisho la Urusi, na Nyota yake ilikuwa nambari 1. Jamhuri nyingine nazo, kama Ukraine, Belarus na Kazakhstan, zikajitungia vyeo vyao.

Basi, mpenzi msomaji, tumejifunza nini? Dola iliyozitoa nyota zile imekufa, lakini nyota zingine zingali zinang'aa na zingine zimefifia. Hakuna tena polisi wa kumlazimisha mtu amheshimu Brezhnev, na hakuna anayemheshimu kwa nyota zake nne. Hakuna pia anayelazimishwa kumkumbuka Molokov na visanduku vyake, lakini ukiisikia habari yake mara moja huisahau. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Serikali inaweza kuitoa pete, na inaweza kuinyima, tena inaweza kuivua. Haiwezi kukifanya chanda kiwe chema. Kazi ya kukitafuta chanda chema ni ya wale wanaouliza maswali: wale waliolitafuta kaburi la Lydia Litvyak miaka arubaini na zaidi, na wale walioifungua ripoti ya Dubosekovo na kutukumbusha kwamba nyuma ya majina 28 palikuwa na wafu zaidi ya 100. Kwa hivyo siku utakapoambiwa, "Huyu ni shujaa," usikatae kwa ubishi wala usikubali kwa uvivu. Uliza alifanya nini, ni nani aliyemwona, na ni nani aliyekuwa kando yake ambaye jina lake halikuandikwa.